Mnatuuliza tunahitaji nini, hamtuulizi tunalipia nini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nami niseme kidogo kuhusu hizi tafiti za kuuliza wajasiriamali wadogo wanahitaji huduma gani, maana zimekuwa nyingi huku kwetu Mbagala na kila zikija zinaishia kwenye semina ileile. Mimi nina steshenari, kontena dogo tu karibu na kituo cha daladala, natoa kopi, napiga chapa, naprinti lebo za sabuni na karanga, najaza onlaini fomu za TIN, ile namba ya mlipakodi, na za BRELA wanaosajili majina ya biashara, naandika katiba za vikundi na maandiko ya kuombea mikopo. Kwa wenye miradi kazi zangu hizi ndo zinaitwa huduma za kusaidia biashara, nimelijua hilo siku vijana wa mradi mmoja walipokuja kuprinti madodoso yao kwangu nikayasoma yakitoka kwenye mashine. Wakalipa vizuri tu, wakachukua karatasi zao wakavuka barabara kwenda kuwahoji kina mama wa vitumbua wanahitaji huduma gani, na mimi ninayewauzia hao kina mama hizo huduma kila wiki hakuna aliyeniuliza hata swali moja.

Sasa dodoso lenyewe. Je, ungependa kupata mafunzo ya kutunza kumbukumbu? Ndiyo au hapana. Je, mafunzo ya kutafuta masoko? Ndiyo au hapana. Je, ungekuwa tayari kuchangia gharama, na ungechangia shilingi ngapi? Jirani yangu anayekaanga vitumbua na chapati alijibu ndiyo mwanzo mwisho na kwenye kuchangia akasema elfu tano. Walipoondoka nikamuuliza mama hivi kweli wewe una shida na mafunzo ya masoko, vitumbua vyako saa 3 asubuhi vimeshaisha, akacheka akaniambia, "Mwanangu, ukisema hapana wanaandika huna shida, na asiye na shida haletewi kitu." Ndo hivyo. Hiyo elfu tano imeingia kwenye kompyuta ya mtu na kesho kutwa inakuja kwenye ripoti kwamba wajasiriamali wako tayari kulipia mafunzo.

Kiukweli swali la "ungelipa" halina hasara kulijibu, mtu anakutajia chochote. Swali lenye maana ni mwezi uliopita umelipia nini, umemlipa nani, na ungependa umlipe tena au umekoma. Mama huyuhuyu nikimtazama toka kontenani kwangu analipia huduma kutwa nzima. Analipa mashine ya kusaga mchele, analipa bodaboda wa kumletea unga na mafuta, analipa mlinzi wa usiku anayelinda meza na jiko lake na la wenzake, analipa kijana wa kuchota maji, kijumbe wa mchezo anakata chake, wakala wa simu anakata chake. Na kila baada ya muda anakuja kwangu na simu nimtengenezee tangazo la oda za shughuli aliweke WhatsApp. Huyo ndo mnasema hana uwezo wa kulipia huduma? Kipato chake kidogo sawa, sibishi, lakini analipa mia mbili mia tano kila siku kwa kitu anachokiona kinarudisha hela leoleo. Asichoweza ni kutoa elfu thelathini kwa mkupuo kwa kitu kitakachomlipa baada ya miezi sita, kama kitamlipa.

Mimi nikiambiwa nipime soko la hizi huduma ningeanza na vitu vitatu tu, watu wanaijua hiyo huduma? wameshawahi kuijaribu? na walioijaribu wamerudi? Hapo kwenye kurudi ndo penye habari yote. Chukua lebo, mtu akianza kubandika lebo kwenye chupa za sabuni ya maji au kopo la siagi ya karanga harudi nyuma tena, anakuja kila bidhaa ikiisha, ananidai hadi nibadilishe rangi maana mwenzake wa mtaa wa pili kaweka ya dhahabu. Hilo ni soko, halihitaji hamasa. Kusajili jina la biashara wengi wamelisikia, ila anakuja mmoja mmoja na mara nyingi ni kwa sababu kuna mahali kaambiwa alete cheti, anakichukua anakilaminisha yameisha. Mchanganuo wa biashara ndo kabisa, sijawahi kuona mtu kaja kwa hiari yake akasema niandikie mchanganuo nataka niutumie nyumbani.

Na hapa kwenye michanganuo niseme zaidi maana ndo eneo watafiti wanapodanganyika sana. Mnakumbuka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ambayo mwaka 2018 iliingizwa kwenye sheria ikawa lazima. Vikundi vikaanza kumiminika kwenye masteshenari yote ya Dar, kila kikundi kinataka katiba, muhtasari wa kikao, andiko la mradi, barua ya serikali ya mtaa. Mtu angekuja kufanya utafiti kipindi kile angeandika mahitaji ya huduma ya kuandaa mpango wa biashara ni makubwa mno. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa baada ya maswali mengi kwenye ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu marejesho na vikundi hewa, na wateja wangu wa maandiko wakapotea wote, yaani wote. 2024 mikopo ilipofunguliwa tena wakarudi na masharti mapya mkononi. Kwa hiyo walichokuwa wananunua muda wote ule ni mkopo, andiko lilikuwa nauli tu ya kufika kwa afisa maendeleo wa kata.

Na ukijua hivyo unaelewa kwanini maandiko mengi ni mabovu. Mnunuzi haangalii ubora, anaangalia kama litapita. Kuna vishoka wana andiko moja la kufuga kuku wamelihifadhi kwenye fleshi, wanabadilisha jina la kikundi na tarehe, elfu ishirini imeingia. Nimeletewa andiko la kikundi cha ushonaji nitoe kopi ndani kuna bajeti ya chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku. Sasa mradi ukija kusema tutawajengea uwezo waandishi wa maandiko, haya, mtawajengea, lakini kama anayelipa hawezi kutofautisha zuri na baya, na anayepokea pale ofisini naye anahesabu kurasa, nani atamlipa yule anayeandika vizuri? Hilo la kujua ubora kabla ya kulipa ni sehemu ya soko na hakuna dodoso linaliuliza.

Kitu kingine madodoso hayakioni ni huduma zinazokuja ndani ya bei ya bidhaa. Muulize machinga wa Kariakoo umewahi kulipia ushauri wa biashara, atakwambia sijawahi. Ni kweli hajawahi kutoa hela akaambiwa hii ya ushauri. Lakini yule mwenye duka la jumla anayempa mali kauli anampa asubuhi begi la nguo bila hela mkononi, anamwambia hizi nyeusi zinatoka sana wiki hii, hizi za maua usibebe nyingi, ukiuza chini ya bei hii umeumia, jioni analeta hela na kisichouzwa. Pale kuna mkopo, kuna taarifa za soko, kuna mafunzo ya kupanga bei, na vyote amelipia kwenye ile bei ya begi. Duka la pembejeo na dawa za mifugo ni vilevile, mama anaponunua chanjo ya kuku anaelekezwa namna ya kuichanganya na siku za kurudia, hiyo elimu ingekuwa semina ingeandaliwa kwa mamilioni. Mie naona mtu anayetaka kusaidia wauza nguo wadogo aanze na huyo wa mali kauli, ajue anaelekeza nini, anakosea wapi, anakandamiza wapi kwenye bei, maana wapo wanaokandamiza kweli, machinga anachukua kwa bei ya juu kwa sababu hana kwingine pa kwenda.

Turudi kwenye kumbukumbu za biashara, hili somo linapendwa na kila mradi. Wanaanza na dhana kwamba hawa kina mama hawaandiki. Wanaandika! Jirani yangu ana kauntabuku, ila ameandika madeni tu. Fundi cherehani chapati 2 na chai. Dereva wa Noah vitumbua vya 1,000, atalipa Ijumaa. Anaandika kinachoweza kupotea asipoandika, mauzo ya taslimu haandiki maana hela anaiona. Wewe unakuja kumfundisha mizania ya kampuni kwa projekta, mali upande huu, madeni upande ule, anaitikia kwa adabu anarudi kwenye kauntabuku yake ya madeni.

Lakini mngemwambia habari ya kodi angewasikiliza. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya kukadiriwa vilivyopitishwa 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi, anayeuza zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Fanya hesabu ya mtu anayeuza 16,000 kwa siku kwa siku 310, inakuja 4,960,000. Asilimia 3 ya 960,000 ni 28,800. Yaani daftari linamwokolea shilingi 71,200 kwa mwaka. Sasa hapo kijana aliyemaliza kidato cha nne na anajua hesabu anaweza kupita kila Jumapili mezani kwa kina mama kumi akawajumlishia mauzo kwa elfu moja moja kila mmoja, kwa mwaka ni kama 52,000, bado mama anabaki na kitu na daftari limekaa sawa. Haiwi faida kubwa na mwingine atasema bora niandike mwenyewe, safi, aandike mwenyewe. Lakini angalau tumeongea bei na faida, tumeacha kuongea umuhimu wa kumbukumbu.

Kama mnataka mfano wa watu masikini kulipia kitu, kumbukeni vitambulisho vya machinga. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja 20,000. Sehemu nyingine watu walisukumwa kuvichukua, hilo linajulikana, lakini huku kwetu wapo waliovifuata wenyewe na wengine walikopa wakanunua. Walikuwa wananunua kutobughudhiwa na mgambo. Elfu ishirini kwa mwaka mzima wa kukaa na meza yako bila kukimbizana, mtu anayemwagiwa bidhaa anajua thamani yake kuliko mshauri yeyote. Afu Oktoba 2021 wakaja kuondolewa barabarani kupelekwa maeneo yaliyopangwa, na hamu ya kile kitambulisho ikashuka palepale. Huwezi kupima soko la mafunzo ya huduma kwa wateja wakati mtu hajui mwezi ujao meza yake itakuwa wapi, kitu cha kwanza anachokitafuta ni uhakika wa pa kukaa.

Kuhusu semina zenyewe na posho zake. Semina inaanza saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mama lishe anaamka saa 10 alfajiri, chai inauzwa mpaka saa 4, wali na ugali kuanzia saa 6. Siku ya semina kapoteza mauzo ya siku na mteja kaenda kula kwa mwingine na pengine harudi. Kwa hiyo anayekwenda ni ambaye siku hiyo hana biashara, au yule mzoefu wa semina, mnawafahamu, ana tisheti za miradi kabati zima na vyeti vya ujasiriamali na biashara hana. Posho ya elfu kumi inamtosha huyo mzoefu, mama lishe haimfidii hata nusu.

Na semina hizi za bure zinaua biashara za watu. Mtaani kwetu alikuwepo dada anafundisha kutengeneza sabuni za maji, sabuni za miche na batiki, 20,000 kwa mtu mmoja kwa siku mbili, malighafi juu yake, mnatoka na lita zenu mkononi. Alikuwa anapata wanafunzi na wengine walikuwa wanarudi kununua malighafi kwake, alikuwa na biashara ya kueleweka. Ukaja mradi ukafundisha sabuni bure ukumbini, soda, chakula na nauli juu. Tangu hapo kila anayemfuata anamwambia dada ngoja kwanza nasikia kuna wengine wanakuja kufundisha bure. Mradi ulikaa msimu mmoja ukaondoka, yeye sasa hivi anauza mitumba, na anayetaka kujifunza sabuni leo hana pa kwenda zaidi ya video za YouTube kama bando analo. Kwenye ripoti ya mradi kuna idadi ya waliofundishwa. Yule mwalimu aliyefunga hayupo popote.

Inaudhi zaidi kwa sababu haya hayajagunduliwa jana. Wafadhili wenyewe mwaka 2001 kupitia kamati yao ya pamoja walitoa mwongozo kwamba msianze kutoa huduma wenyewe, angalieni soko lililopo, saidieni wauzaji waliopo, ruzuku iwe ya muda. Kenya miaka ya 1990 mwishoni walijaribu vocha kwa fedha za Benki ya Dunia, fundi wa jua kali, yaani wa karakana ndogo za mtaani, anachangia kiasi mfukoni, vocha inamalizia, anachagua mwenyewe wa kumfundisha. Wengi hawakwenda vyuoni, walichagua mafundi wakongwe wa fani yao, na mafundi hao wakageuka walimu wa kulipwa. Ulikuwa mradi mzito kuuendesha na ruzuku ikiisha mambo hupoa, lakini walau ulionyesha wateja wanamtaka nani, kitu ambacho dodoso lisingekionyesha. Uganda nako mwaka 1999 redio CBS ya Kampala, kwa msaada wa mradi wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, ilianza kipindi cha wafanyabiashara wadogo kwa Kiluganda, Nekolera Gyange, na redio nyingine zikafuata kwa sababu wasikilizaji walikuwepo na matangazo ya biashara yalikuwepo. Msikilizaji hakutoa senti, mwenye tangazo ndo alilipa, na mama hakuhitaji kufunga genge ili ajifunze.

Kuna hili nalo la kutuweka wote kwenye kapu moja. Kwa sera ya serikali ya biashara ndogo ya 2003 biashara ndogo kabisa ni yenye watu wasiozidi wanne na mtaji usiozidi milioni 5. Humo ndani yumo mwenye karanga za kwenye sinia mtaji elfu thelathini, na yumo mwenye gereji ya kuchomelea mageti mwenye mashine ya milioni 3 na vijana wawili. Huyu wa mageti anataka mtu wa kumchorea michoro ya kisasa kwenye kompyuta na yuko tayari kulipia, nawajua watatu wanaomtumia kijana mmoja hapa jirani. Huyu wa karanga ukimuuliza vizuri anataka mtu wa kumwachia mtoto mpaka mchana. Kwenye orodha ya huduma za biashara kulea mtoto hakumo, lakini ndo huduma inayoamua anauza masaa mangapi.

Sisemi kila kitu kiuzwe. Mwenye ulemavu anayeanza na sifuri, mama aliyefiwa na mume juzi na hana hata sinia, hao wasaidiwe bure na isiwe siri kwamba ni msaada. Na serikali ina mambo yake ya kufanya ambayo mimi wa steshenari siwezi, mfano SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na barua yake ndo inamwezesha mjasiriamali mdogo kwenda TBS, shirika la viwango, kupimiwa bidhaa bila kubebeshwa gharama anazobebeshwa mwenye kiwanda. Lakini mnashangaa, nusu ya kina mama wa karanga wanaokuja kwangu hawajui kama hiyo njia ipo, wanajua tu kuna kishoka anaweza "kuwatafutia" alama ya ubora. TIN ni bure na kuna watu mtaani wanawauzia wenzao TIN kama ni bidhaa. Mimi nachaji kuijaza na kuprinti na nasema wazi ninachochaji ni kazi yangu na karatasi, mwenye simu na utulivu ajaze mwenyewe.

Ndo maana naomba jambo moja kwako Mhariri, gazeti lako litenge kasehemu ka huduma na bei zake halali, kipi ni bure, kipi kina ada na ni shilingi ngapi, ada inalipwa wapi, fundi au mwalimu mzuri anajulikanaje. Robo ukurasa inatosha. Na iwe Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndo watu wanajazana kwenye meza ya magazeti hapa kituoni kusoma matokeo ya Simba na Yanga, hata asiyenunua anasoma amesimama, na mimi nitakatoa kopi nikabandike kwenye kontena.

Wako,
Mwenye steshenari,
Mbagala, Dar es Salaam